Kwa Nini Mama Hanywi Maji?

Palikuwa na fundi seremala mmoja, mtaa mzima walimwita Sentimita. Jamani, yule bwana alipima kila kitu! Mkate wa asubuhi aliukata vipande sawasawa kama matofali. Siku ya kwanza kwenda ukweni, kabla hata hajakaribishwa kiti, alisema, "Samahani baba, hii meza yenu imeinama kidogo upande wa dirishani." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwozesha binti yake hivyohivyo.

Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kuanzia asubuhi ungesikia randa, msumeno, nyundo, na yeye mwenyewe akipiga mluzi. Ndani, mke wake alishona sare za shule kwa cherehani. Na miezi miwili iliyopita walikuwa wamempata mtu wa tatu wa nyumba: mama yake Sentimita.

Mama alianguka kwake, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapona, lakini sasa alitembea na mkongojo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto nao haukuwa na nguvu sana. Na kule kwake aliishi peke yake.

"Mama, hapa hakuna mjadala," Sentimita alimwambia. "Unakuja kwetu."

Akajiandaa kwelikweli. Choo chao kilikuwa uani, hatua chache kutoka chumba alichopewa Mama. Sentimita akakifungia mlango mpya wa mbao ngumu. Akauwekea springi, ukiuachia tu unajifunga wenyewe, pa! Ndani, ukutani, akafunga mti mrefu wa kushikilia. Akaupiga msasa siku mbili. Akaupaka vanishi mara tatu. Ukang'aa mpaka ungeweza kujitazamia meno. Mafundi wenzake wakaja kuushangaa.

"Hiki ni choo au hoteli?" mmoja akauliza.

"Ni cha mama yangu," akasema Sentimita, kifua mbele.

Mama akautazama mlango, akautazama ule mti. "Kizuri sana, mwanangu," akasema. "Asante."

Sentimita alifurahi wiki nzima.

Aliyegundua kwamba kuna jambo ni mke wake. Kila asubuhi alimwekea mama mkwe jagi la maji na glasi. Jioni alikuta jagi tupu. Safi kabisa. Lakini mbona midomo ya Mama imekauka, imepasukapasuka? Na mbona lile ua la kwenye kopo, pale dirishani, limenenepa hivi?

"Mume wangu," akanong'ona, "hili ua linakunywa maji ya Mama."

"Acha utani."

"Utani gani? Njoo uchungulie."

Sentimita akachungulia mlangoni. Mama, bila haraka, alimimina glasi nzima kwenye kopo la ua. Akaifuta glasi kwa khanga yake. Akairudisha mezani kama mtu aliyekunywa akashiba.

Kabla hawajajua waanzie wapi kumsemesha, keshokutwa yake Mama akashikwa na kizunguzungu. Alidondoka, bahati nzuri akadondokea kitandani. Wakamkimbiza hospitali. Akatundikiwa dripu siku mbili.

"Mwili umekauka," daktari akasema. "Mama, maji usipokunywa, figo zinaumia. Safari hii tumewahi. Safari nyingine huenda tusiwahi."

Waliporudi nyumbani, Sentimita hakukaa. Akaingia karakana. Unajua fundi akiogopa anafanya nini? Anashika randa! Kufika adhuhuri akawa ametoka na kameza kadogo, kazuri, miguu imechongwa, juu kana tundu la kukaa glasi. Kanasimama sambamba na kitanda. Mama hata mkono hanyooshi mbali.

"Sasa maji yako karibu, Mama. Hakuna kisingizio."

"Kazuri, mwanangu. Asante."

Na lile ua likaendelea kunenepa.

Siku ya tatu Sentimita akashindwa kuvumilia. "Mama, unataka nini? Nimeweka mlango, nimeweka mti, nimechonga meza! Unataka kufa ndani ya nyumba yangu?"

Mama akajivuta khanga mabegani. Kisha akasema polepole, "Nirudisheni kwangu."

Sentimita alihisi kama kapigwa nyundo kwenye kidole. Kwake? Kule hakuna mtu. Akianguka tena, nani atamwokota? Alitoka nje akakaa juu ya rundo la mbao, hata mluzi ukamwishia.

Hapo ndipo alipopita jirani yao, mama mmoja anayefanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo. Wagonjwa walimbatiza jina la Nyoosha, maana kutwa ni "nyoosha mguu, nyoosha mkono". Alikuwa anakuja kumwangalia Mama na mguu wake.

"Fundi, mbona umekaa kama umefiwa?"

Sentimita akamweleza yote, mpaka habari ya ua. Nyoosha hakucheka. Akaingia ndani, akamwamkia Mama, akamfanyisha mazoezi. Alipotoka, alikuwa amekibeba kile kimeza.

"Kazi safi," akasema. "Haya, nani alikuomba?"

"Kuomba? Hakuna aliyeomba. Niliona anakihitaji."

"Uliona wapi?"

Sentimita akakigeukia kimeza chake. Akakipangusa vumbi.

"Usinikasirikie, kaka yangu," Nyoosha akasema, akikaa kwenye mbao pembeni yake. "Hata sisi tulikosea hivyo miaka mingi. Tunampa mgonjwa kifaa, anakwenda kukitundikia nguo. Sasa tunaanza na mtu mwenyewe. Tunamtazama anavyoishi. Tunamsikiliza. Tukishaijua shida yenyewe, tunatafuta njia nyingi za kuitatua, hata za kuchekesha. Halafu tunajaribu moja, tena kwa kitu hafifu. Boksi, kamba, gazeti. Ikikataa, tumepoteza boksi tu."

"Na mimi nianzie wapi?"

"Kesho iache futi yako karakana. Kaa uani umtazame Mama. Usimsaidie, usimsemeshe, labda awe anaanguka. Baadaye ukae naye. Usimuulize 'kwa nini hunywi maji?' Atajitetea tu. Mwambie akusimulie siku yake ilivyokwenda. Na wewe, ndugu yangu, nyamaza."

Kunyamaza! Kwa Sentimita hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchonga.

Kesho yake akakaa uani juu ya kigoda, nyuma ya kamba ya nguo. Mikono haina kitu. Ikamwasha.

Saa nne hivi Mama akatoka. Mkongojo, hatua. Mkongojo, hatua. Akafika kwenye mlango wa choo. Akasimama. Mkono wa kulia una mkongojo. Akajaribu kuvuta mlango kwa ule wa kushoto. Ile springi ikakataa. Akauegemeza mkongojo ukutani, akavuta kwa mkono wa kulia. Mlango ukafunguka, mkongojo ukateleza, ukaanguka. Mama akashtuka, akauachia mlango. Pa! Ukajifunga.

Mama akageuza shingo kulia na kushoto kuona kama kuna aliyemwona. Akauokota mkongojo kwa shida, huku ameshika ukuta. Halafu, badala ya kujaribu tena, akageuka akarudi chumbani. Hakuingia.

Sentimita pale alipokaa macho yalimjaa machozi. Mlango wenyewe ni wake. Springi ni yake. Ameisifia kwa watu!

Akaingia chumbani, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, hebu nisimulie siku yako ilivyokwenda leo."

"Siku gani? Si hii hii."

Akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Sentimita aliuma ulimi asiseme neno. Mwishowe Mama akashusha pumzi.

"Nikinywa maji, lazima niende. Nikienda, mlango wako unanipiga. Wiki iliyopita umenipiga hapa mgongoni. Nikifika ndani, ule mti uko juu, kama nataka kuchuma maembe. Na mkono ukiwa na maji, unateleza kama samaki."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Umewaita mafundi wenzako waje kuutazama. Umefurahi hivyo, mimi nikuharibie?"

"Lakini mke wangu alisema atakupeleka."

"Mke wako ni mtoto mzuri, Mungu ambariki. Ila mimi nimeshalea watoto sita. Sitaki kushikwa mkono kwenda chooni. Nataka niende mwenyewe, nijifungie mlango mwenyewe. Basi. Kule kwangu choo hakina hata rangi, lakini naingia mwenyewe."

Kumbe! Shida haikuwa maji. Haikuwa hata ukaidi. Mama hakutaka kingine ila kwenda mwenyewe na kujifungia mwenyewe.

Jioni ile wakakaa wanne uani: Mama, Sentimita, mke wake, na Nyoosha.

"Kila mtu aseme njia yake," Nyoosha akasema. "Marufuku kumkatisha mtu."

"Tujenge choo kipya ndani ya chumba," Sentimita akasema.

"Tutoe mlango, tuweke pazia," akasema mke wake.

"Mnibebe kwa winchi," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akacheka. Wakacheka wote.

Wakaanza na pazia, maana lilikuwa rahisi. Mke wake akachukua kitambaa cha sare, Sentimita akaung'oa mlango wake. Usiulize uso wake ulivyokuwa. Mama akaingia bila shida yoyote. Upepo ukavuma. Pazia likapaa mpaka juu.

"Jamani!" Mama akapiga kelele toka ndani. "Nimekaa kama niko jukwaani!"

"Pazia limekataa," Nyoosha akasema, anajifuta machozi ya kicheko. "Tumepoteza nini? Hakuna. Lakini tumejifunza kwamba kuingia si shida tena. Kilichobaki ni kujifunga."

Sentimita akakuna kichwa. "Je, mlango usifunguke kwa kuvutwa? Uteleze pembeni? Mama ausukume hata kwa kiwiko."

Mikono ilimwasha aende kuchonga mbao ngumu. Nyoosha akamkazia macho. Basi akachukua kipande cha plaiwudi kuukuu, akakipachika kwenye reli ya muda. Mama akasukuma kwa kiwiko. Kikateleza. Akaingia, akasukuma tena. Kikajifunga.

"Mmeniona?" akauliza toka ndani.

"Hatukuoni, Mama!"

"Haya, ndiyo raha yenyewe."

Kesho yake wakashughulikia ule mti. Safari hii mpimaji alikuwa Mama. Alikaa, akasimama, na kila mkono wake ulipotaka kushika, Sentimita akaweka alama ya chaki.

"Shusha. Shusha tena. Wewe ulikuwa unampimia nani, twiga?"

Alama ya chaki ilikuwa chini ya ule mti kwa kiganja kizima na vidole viwili. Sentimita akakumbuka: aliupima kwa kiuno chake mwenyewe. Akaushusha. Akaikwangua ile vanishi yake, mara tatu zote, huku mke wake akimpigapiga bega, "Pole, baba. Pole." Halafu wakauzungushia kamba nyembamba, mkono usiteleze. Karibu na mlango wakaweka ndoano ya kutundikia mkongojo. Nyoosha akaongeza neno moja: "Komeo liwe la kusukuma kwa kiganja tu, na liweze kufunguliwa kwa nje. Likitokea la kutokea, mnaingia haraka."

Mama alijaribu kila kitu siku tatu. Ndoano ilikuwa mbali, wakaisogeza. Reli ililia, wakaipaka mafuta. Baada ya hapo ndipo Sentimita akachonga mlango wa kweli.

Haukung'aa sana, huo mlango. Na hakuna fundi aliyeitwa kuja kuushangaa.

Wiki mbili baadaye wakaenda kliniki. Daktari akatazama vipimo, akamtazama Mama. Midomo laini, macho maangavu. "Mama, umefanya nini? Figo ziko salama kabisa."

"Nakunywa maji," Mama akajibu, kama vile ni jambo la kawaida tu.

Jioni hiyo Sentimita akaenda kwa Nyoosha kumshukuru. "Dada, umeniokolea mama yangu. Sijui nikupe nini."

"Mimi nilikuambia ukae tu. Aliyekupa jibu ni Mama. Nenda kamshukuru yeye."

Akarudi. Mama alikuwa amekaa uani, anapunga upepo, jagi na glasi viko pembeni yake. Sentimita akachuchumaa mbele yake.

"Mama, asante."

"Ya nini tena?"

"Kwa kuniambia ukweli. Nilikuchongea vitu bila kukuuliza. Ungeweza kuondoka, ningekuona mkaidi mpaka leo."

Mama akamshika kichwa, kama alipokuwa mdogo. "Asante na wewe, mwanangu. Nimeishi na watu wengi wa kunifanyia. Wa kuninyamazia wakanisikiliza ni wachache."  Akajifuta macho haraka kwa ncha ya khanga.

"Haya, toka hapa," akasema. "Utanimalizia maji yote kwa machozi. Nimiminie glasi nyingine."

Sentimita akamimina. Mama akanywa yote, palepale, mbele yake.