Nitapaka Nikirudi

Jirani yetu mshonaji, ambaye ukuta wa chumba chake na wetu ni mmoja, si mtu wa kuzusha. Ni mama wa sala na wa maneno machache. Hata cherehani yake ilikuwa na adabu, haikulia kabla watu hawajaamka. Iliponyamaza siku tatu mfululizo tukaenda kumjulia hali, na haya ndiyo aliyotueleza, polepole, huku akitazama kioo kilichokuwa nyuma yetu.

Mambo yalianza Jumamosi, siku ya kawaida kabisa. Alikuwa ametoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Aliporudi alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anaanika nguo uani. Wifi huyo alikuwa amebaki naye tangu msiba. Jasho lilimtiririka, na uso ulijaa furaha ya mtu aliyetenda wema. Kwenye kamba lilining'inia koti la kijivu.

"Usinishukuru, wifi," alisema. "Nimelifua mara mbili. Kola ilikuwa imeshika mafuta vibaya, lakini imekubali."

Mshonaji aliweka mkoba chini. Akalishika koti, akazamisha uso ndani yake.

Sabuni. Sabuni tupu.

Miezi miwili tangu azike, koti lile ndilo pekee lililokuwa bado na harufu ya mumewe. Marehemu hakuwa mtu wa manukato ya kifahari. Alikuwa fundi funguo, mwenye kibanda chembamba kama kabati, na alipaka mafuta ya manukato ya bei chee, yale ya kichupa chenye gololi mdomoni, yanayouzwa kando ya njia pamoja na vitana na nyembe. Lakini mwilini mwake yalikaa. Saa moja asubuhi, akishapaka tu, yalikuwa pilipili manga inayokukohoza. Kufika saa sita mchana pilipili imetulia, imebaki karafuu na iliki. Jioni akirudi ni mti mkavu, kama ndani ya sanduku la zamani. Mkewe hakuhitaji saa ya ukutani. Alimnusa mume akajua siku imefika wapi.

"Umenifulia mume wangu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Wifi jamani! Si koti tu?"

Kichupa cha mwisho cha marehemu kilikuwepo bado, nusu kimejaa, kwenye rafu chini ya kioo. Hicho hakuthubutu kukifungua, asije akakimaliza. Jumatatu akaenda kwa muuza manukato wa kona ya barabara, akanunua kingine, mafuta yale yale. Alipaka viganjani. Pilipili ikaja, akafumba macho. Robo saa haikupita, ngozi ikawa haina kitu, kama aliyepaka maji. Jumanne akarudi kwa muuzaji, amekasirika.

"Ngozi yako inakunywa, mama," muuzaji alisema. "Tanguliza mafuta ya mgando. Halafu usisugue viganja, ukisugua unayachosha."

"Nimetanguliza. Sijasugua."

"Basi paka kwenye nguo."

"Nimepaka kwenye nguo. Yananukia kama dawa ya kikohozi."

Muuzaji alijikuna kidevu. "Mafuta haya humfuata mtu, mama. Yule mzee yalimpenda. Nikupe ya ubani?"

"Ya ubani kapake wewe."

Alirudi nyumbani amewakasirikia wote: wifi na sabuni yake, muuzaji na ushauri wake, ngozi yake mwenyewe. Hata Mungu kidogo, jambo ambalo aliliombea msamaha hapo hapo. Na kilichomkera kuliko vyote ni kumbukumbu ya asubuhi ile ya mwisho. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Mumewe alishika kichupa, yeye akamkemea: "Hayo mafuta yako leo yaache! Yananipasua kichwa." Mume akacheka, akakirudisha kwenye rafu. "Sawa, mama. Nitapaka nikirudi." Saa tano alianguka kibandani, tupa ya kuchongea funguo bado mkononi. Akazikwa bila harufu yake.

Basi Jumanne hiyo alipiga magoti akaomba. "Mola wangu, sikuombi makubwa. Harufu tu. Mara moja tu."

Jumatano, saa moja asubuhi, chumba kilinukia mti mkavu.

Alisimama na mkasi mkononi. Alinusa kabati, akanusa koti. Havikuwa na kitu. Harufu ilikuwa hewani, karibu na mlango, na ilimshangaza kwamba ni ya jioni ilhali jua ndiyo kwanza linachomoza. Akamshukuru Mungu. Halafu akatazama rafu, na shukrani ikamkauka mdomoni. Mafuta ya marehemu yalionekana yamepungua.

Alimshuku wifi. Alikata uzi mwekundu, akaufunga kuzunguka kichupa, sawasawa na usawa wa mafuta, kama anavyoweka alama ya pindo. Akakaza fundo.

Alhamisi, saa moja, ilikuwa karafuu na iliki. Haikuwa mlangoni tena. Ilikuwa katikati ya chumba. Na mafuta yalikuwa chini ya uzi kwa upana wa kidole.

"Wifi, umepaka mafuta ya kaka yako?"

"Mimi? Nipake hayo? Bora mafuta ya taa!" Wifi aliweka kikombe chini. "Ninakufulia, ninakupikia, leo nimekuwa mwizi?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza na uzi umefunga. Haya, baki na kichupa chako."

Akafungasha, akaondoka kabla ya saa sita. Mshonaji hakumzuia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, anahesabu kwa vidole. Jana mti, wa jioni. Leo karafuu, ya mchana. Harufu ilikuwa inarudi nyuma. Ilikuwa inaifuata saa moja ya asubuhi, saa ya kupaka.

Usiku ule alifunga kitasa na komeo. Baadaye alijicheka. Fundi funguo atazuiliwaje na kitasa?

Ijumaa kulikucha kama siku zote. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita, wanacheka. Alipiga magoti kusali, kioo kikiwa nyuma yake. Alifika katikati ya sala.

Akakohoa.

Pilipili manga. Kali. Mbichi.

Hakugeuka. Nyuma yake, juu ya rafu, kifuniko kilikuwa kinafunguliwa. Mzunguko mmoja. Mzunguko wa pili. Kisha akasikia gololi. Ikizunguka. Juu ya ngozi.

"Niliomba harufu," alinong'ona. "Sikuomba mtu."

Gololi ikasimama.

Watoto nje hawakusikika tena. Ndipo alipoelewa kwamba aliyeko nyuma yake anangoja. Anangoja ruhusa, kama asubuhi ile.

Machozi yalimtoka. "Paka, baba," alisema. "Leo kichwa hakiniumi."

Gololi ikazunguka tena, taratibu. Halafu kitu kidogo, cha duara, cha baridi, kikamgusa nyuma ya sikio.

Hayo ndiyo aliyotueleza. Tungesema ni majonzi, kwa maana sisi pia tumezika, tunajua majonzi yanavyosema. Lakini kichupa tulikishika wenyewe. Uzi mwekundu ulikuwa pale pale, fundo halijaguswa, na ndani hamkuwa na tone. Koti tuliliona pia. Kwenye kola ile iliyofuliwa kulikuwa na alama ya mafuta ya kidole gumba, imekatwa katikati na mstari. Marehemu alipasuliwa gumba na tupa tangu ujanani. Sote tuliijua alama ile.

Wifi alirudi wakapatana. Amelifua koti mara tatu, safari ya mwisho kwa maji ya moto. Jioni linanukia mti mkavu. Mchana, karafuu. Hakuna anayelipaka kitu.

Na ukuta wetu na wake ni mmoja. Kila ifikapo saa moja asubuhi, nyumba nzima tunakohoa.