Mguu Uliowahi Ngoma

Jambo la kwanza Chesang aliloona lilikuwa dogo: mguu wa kushoto wa Kihara, mwalimu wao wa dansi, uliwahi ngoma, ukatua kabla ya mdundo. Uliwahi mara moja tu, pale tarumbeta ilipopanda, kisha ukajirekebisha. Wengine hawakuona. Walikuwa wakimtazama Kosgei kama mwizi, kwani ndiye aliyeingia mwisho stoo yenye santuri.

Ilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi wa kukodisha mjini Nakuru, ambapo kikundi chao hucheza dansi za swing na blues. Mwenye duka la vitambaa, ambaye wote walimwita Mama Wangu, alikuwa amefungua sanduku lake la santuri lililokaa stoo, akakuta jalada moja tupu. Huzunguka nyumba kuukuu za mashamba akitafuta muziki wa kuchezeka, na hiyo iliyopotea aliitoa kwenye shamba moja la Ndabibi mwezi huohuo. Kikundi kilikuwa bado hakijaisikia, ila Kosgei na Chesang siku ilipoletwa kwake.

"Hata imekwaruzwa, inaruka," alilalamika. "Nani anaiba kitu inaruka?"

Shantel, mmoja wa wachezaji, akautafuta wimbo uleule kwenye simu, watu wajue kilichoibwa, na wachache wakaujaribu miguuni.

"Mimi sijawahi kuusikia," Kihara alisema akicheza, "lakini mtu ameelewa muziki hahitaji kusikia mara mbili."

Hapo ndipo mguu ulipowahi.

Kihara alijifunza kucheza kwenye video, akaziita utafiti. Alivaa suspenda, zile kanda za mabegani za kushikia suruali, hata wakati wa joto. Wimbo ulipoisha alizivuta, akamgeukia Kosgei.

"Funguo ya stoo ni yangu. Jumatano nilikupa uingize spika. Ama ninadanganya?"

"Niliingiza, nikatoka."

"Na pikapu ilibeba santuri kutoka Ndabibi ni ya nani?"

"Yangu. Mathe aliniomba," Kosgei alisema, akimwonyesha Mama Wangu.

"Basi tupigie polisi. Na huko Olkaria wajue wameandika nani."

Kosgei alikuwa fundi wa mabomba kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria, kwa mkataba. Kesi moja tu, na mkataba umekwisha. Mama Wangu alikuwa ameshatoa simu.

"Shantel," Chesang alisema. Watu waligeuka, hawakuizoea sauti ya mchezaji huyo wa kona. "Weka tena. Mwalimu atuonyeshe hatua."

"Saa hii? Tuko kwa wizi, wewe wa kona unataka somo?" Kihara alifoka.

"Si ni wewe huhitaji kusikia mara mbili, boss?" Shantel akamchokoza.

Kihara akacheza, kwa sababu hajawahi kukataa kutazamwa. Tarumbeta ikapanda. Mguu wa kushoto ukawahi ngoma, mahali palepale.

"Mama Wangu, santuri yako inaruka wapi?"

Mama Wangu aliteremsha simu polepole. "Hapo. Tarumbeta ikipanda, inameza mapigo mawili."

"Kwa simu hairuki," Chesang alisema. "Mguu wake ndio unaruka. Ameicheza nyumbani mpaka mguu ukazoea. Kosgei aliisikia siku moja tu, kwako, na mimi nikiwepo."

Kihara alicheka. "Sasa mguu ni ushahidi?"

"Mguu si ushahidi," Mama Wangu alisema, akanyoosha mkono. "Leta funguo ya gari."

Santuri ilikuwa kwenye buti la gari lake, imezungushiwa taulo. Alipoona hakuna anayecheka naye, Kihara alikunja uso kama aliyekosewa yeye.

"Jumamosi nimealikwa Nairobi kupigia watu santuri. Niliwaahidi santuri hakuna mtu anayo. Wangealika nani, mama wa vitambaa? Yeye anaokota tu. Mimi ndio naelewa."

"Na Kosgei?" Mama Wangu aliuliza.

"Kosgei angepata kazi ingine."

Kosgei alimtazama, akaenda kubeba spika nje.

Tangu somo la kwanza, Kihara alipomkataza kufumba macho akicheza, Chesang alikuwa na sentensi moja moyoni. Aliibeba kila Jumapili akarudi nayo nyumbani.

"Mwalimu," alisema, "wewe huchezi. Unahesabu tu. Hata muziki ukiuiba, huusikii."