Ushuhuda Nilioutuma kwa Simu ya Mama

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsomea Mama simu. Mama ni fundi cherehani. Mikono iko kwenye kitambaa, macho kwenye sindano, yaliyobaki bure ni masikio tu. Tangu apimwe akakutwa na kisukari, alijiunga na kundi la wagonjwa wenzake mtandaoni.

"Haya, Kasuku wangu, leo wanasemaje?"

Walisema mengi. Mmoja kaacha wali, mwingine anaapa kwamba matunda ni sumu, wa tatu anawacheka wote wawili. Aliyeshangiliwa zaidi alijiita Babu Majani. Alisema tutupe vidonge, tunywe maji ya majani yake machungu.

Mama alisimamisha cherehani. "Laiti ningeachana na hivi vidonge! Vinanivuruga tumbo."

Chini ya ujumbe wa Babu Majani muuguzi mmoja alikuwa ameandika: "Msiache dawa kabla ya kumwona daktari." Niliuona ujumbe huo, nikauruka. Uso wa Mama ulikuwa umechangamka baada ya wiki nyingi, sikuwa na moyo wa kumvunja.

Mama akaacha vidonge. Siku ya nne alisema anajisikia mwepesi, nami kwa kiherehere changu nikaandika kundini, bila hata kumuuliza: "Nimepona kabisa! Dawa kwaheri."

Wiki ya pili mambo yakageuka. Mama alimaliza jagi zima la maji na kiu isikatike. Msalani alikuwa haishi kwenda. Siku moja alishona mkono wa kushoto wa shati la mteja upande wa kulia, akaufumua, akakosea tena.

"Sindano naiona mbili," alisema, akalaza kichwa mezani. Nilimwita, hakuitika. Nilipiga mayowe mpaka seremala wa jirani akaja mbio, tukamkimbiza hospitali.

"Dawa amekunywa lini mara ya mwisho?" daktari aliuliza.

Nilieleza yote huku nikilia.

Siku ya tatu Mama aliweza kuketi kitandani, nikamweleza ujumbe niliouruka na ushuhuda nilioutuma. "Nisomee ulichoandika kwa jina langu," alisema. Nikasoma. Akasema: "Sasa andika ukweli."

Niliandika. Babu Majani akajibu kwamba tumehongwa, na wengine wakatutolea maneno makali. Kisha mwanamke nisiyemjua akatuma ujumbe pembeni: "Jana nilimwachisha mwanangu sindano za kisukari kwa sababu ya ushuhuda wako. Anatapika. Ndiyo tunakimbilia hospitali."

Tuliketi, mimi na Mama, macho kwenye kioo cha simu. Sijawahi kuogopa vile. Saa mbili zilipita ndipo akaandika tena: "Tumewahi. Daktari anasema atapona."

Mama alifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Najua ulitaka nifurahi, mwanangu," alisema, "na mimi mwenyewe nilitaka kudanganywa. Lakini mgonjwa hasomewi ya kumpendeza tu. Na habari ya dawa usiyo na hakika nayo, usiitume kwa mtu. Wewe humjui mtoto yule, wala hukumtakia baya. Ila angekufa, mwanangu, angekufa kwa maneno yako."