Ni Nani Aliyemchukua Mbeti?

Wazazi wenzangu wa mitaa ya Tena, Umoja na Kariobangi, hebu tulieni kidogo mnisikize. Hii ni habari ya nyumba moja tu, lakini ukuta wake umeshikana na wako.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nguo zilizoanikwa kwenye roshani zilipepea polepole kama watu wanaosinzia, na kwaya ya kanisa la mabati kule chini ilikuwa bado inaimba, sauti ikipanda ngazi moja moja hadi ghorofa ya nne, mlangoni kwa Luseno. Tangu amzike mkewe, Jumapili ndiyo siku pekee ya wiki ambayo hakusimama getini pa kiwanda akingoja kuchaguliwa kwa kibarua. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, binti yake Ayuma, wa miaka kumi na saba, alikuwa kimya. Luseno aliupenda ukimya huo. Aliuita adabu.

Kalekye, jirani yao, akachungulia. "Baba Ayuma, msichana wako amekuwa bubu?"

"Ako sawa. Anasoma."

"Kitabu kimoja mwezi mzima? Nimemsalimia kwa ngazi, akanipita kama mimi ni ukuta!"

Ayuma alipoenda kuchota maji, Luseno akakitoa kitabu chini ya mto. Kilikuwa hadithi ya vijana: msichana aitwaye Mbeti anatoweka katika ploti, jumba la kupanga lenye milango arobaini, na hakuna ajuaye nani kamchukua. Sentensi moja ilikuwa imepigiwa mstari wa penseli: "Nikiondoka leo, watajua siku gani?" Chini yake, kwa mwandiko wa Ayuma: "Hapa kwetu, labda Jumapili."

Luseno akakitia kitabu mfukoni.

Jumatatu hakwenda kiwandani. Alikwenda shuleni na kitabu mkononi. "Nani alimpa mtoto wangu hiki kitu?"

"Mzee, hicho hakimo kwenye mtihani," naibu wa mwalimu mkuu akamjibu. "Sisi hatukijui."

"Na mtoto mnamjua?"

Naibu akafungua daftari la mahudhurio. "Anakuja kila siku."

"Sikuuliza kama anakuja."

Mlango wa pili uliandikwa Chumba cha Ushauri. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika, hadi darini. Ndivyo wanavyotutunzia watoto, ndugu zangu.

Luseno akaamua kukisoma chote, apate ushahidi wa kumpelekea chifu kipigwe marufuku. Aliacha shule darasa la tano, kwa hiyo alisoma kwa kidole, pale getini, wiki nzima. Ajabu ni kwamba kitabu kilimvuta. Korido za Mbeti zikawa korido zake. Wakati mwingine msimamizi wa kiwanda aliita majina naye asisikie, kwa kuwa alikuwa mbali, akigonga milango arobaini, mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukifunguka alikuta chumba cheupe na pazia linalotikisika.

Jumamosi mchana, aliporudi nyumbani kutoka getini, alikuwa amebakisha kurasa chache. "Ni msimamizi wa ploti aliyemchukua Mbeti," akasema kwa sauti. "Ana funguo zote, huyo."

Nyuma ya pazia, Ayuma akainuka kitandani.

"Ama mwalimu mkuu. Hawa wakubwa ni kitu kimoja."

"Si wao, Baba."

Miezi mingi alikuwa amesikia "ndiyo" na "hapana" tu. Akaogopa hata kugeuka. "Basi ni nani?"

"Hakuna aliyemchukua. Alijificha chumba cha jirani aliyesafiri, aone nani atamtafuta. Zikapita siku tatu."

"Siku tatu! Na babake?"

"Alidhani anasoma."

Luseno akakirusha kitabu kitandani. "Upuzi! Fumbo gani hili halina mwizi? Nimekodoa macho kurasa mia mbili niambiwe mwizi ni baba ya mtu?"

Ayuma akacheka. Akatoka nyuma ya pazia, akaketi kwenye stuli. "Hata mimi mwisho wake siupendi. Babake anamkumbatia, ukurasa mmoja tu, yameisha. Haiwi hivyo."

"Huwa vipi?"

Msichana akakiokota kitabu. "Mama alikuwa akiniuliza nimekula nini. Hata kama ni yeye amepika."

Luseno akatazama pazia lililobaki wazi. Hapo ndipo alipoliona begi la shule chini ya kitanda cha Ayuma, limefura. "Ulikuwa uende wapi?"

"Kwa shangazi, Mukuru. Ama popote."

"Lini?"

"Jumatatu, ukishaenda getini."

Luseno akapiga magoti, akalivuta begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikunja vibaya. Ayuma akapiga magoti kando yake. Kisha akaichukua sketi mikononi mwa babake, akaikunja upya, akamwonyesha inavyokunjwa.

FUNZO

Waliouza viwanja vya kuchezea vya watoto wetu na kugeuza chumba cha ushauri kuwa stoo wana lawama, na nitawalaumu hadi nizikwe. Lakini chifu hawezi kufungua pazia la nyumba yako. Kitabu kile kina ukweli katikati na uongo mwishoni. Msikichome, kisomeni pamoja na watoto wenu, mkigombania nani mkosaji. Wala msingoje mtoto apotee. Mtoto aliye ndani ya nyumba naye hutafutwa.