Spika Zilizofukuza Majirani

Mume wangu watu humwita Moja-Mbili. Kazi yetu ni kukodisha viti, maturubai na spika kwa harusi, misiba na mikutano. Kabla ya kila shughuli yeye hushika maiki na kuijaribu. "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu hafiki. Nimeishi naye mpaka nimeota mvi, tatu sijaisikia.

Siku ya harusi ya mwanetu, mama wa bibi harusi alichoka kusubiri. Alisimama katikati ya watu akaitikia kwa sauti, "Tatu!" Ukumbi mzima ulicheka. Tangu siku hiyo, popote mume wangu anapojaribu maiki na mama yule yupo, lazima aitikie tatu. Ndio utani wao.

Mwanetu ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mke wake anaishi nasi, na mpaka leo tunamwita Bi Harusi. Yeye na mama yake ni watu wa bondeni. Babu zao walitoka huko bondeni wakahamia mjini hapa zamani, na mtaa wao uko ng'ambo ya barabara kuu, karibu na machimbo ya mawe. Kwetu hilo halikuwa jambo, mpaka alipokuja yule tuliyemwita Msemaji.

Aliingia dukani na suti yake, anachekacheka. Alitaka spika zote kwa wiki nzima. "Ni mkutano wa maendeleo," alisema. Mume wangu akampa.

Jioni nilikuwa uani naosha vyombo na Bi Harusi. Sauti ikatufikia kutoka uwanjani. "Watu wa bondeni ni kunguni! Na kunguni dawa yake ni moto! Wahame wenyewe, au tutawahamisha sisi!" Watu wakashangilia. Bi Harusi akaiachia sahani ndani ya maji.

"Mama," aliniambia taratibu, "hizo si spika zetu?"

Zilikuwa zetu. Ile kubwa ina mkwaruzo wake, hata nikiwa usingizini naijua. Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Mume wangu aliporudi, nilimvaa mlangoni.

"Umesikia spika zako zinavyomtukana mkweo?"

"Mke wangu, mimi nakodisha vyombo tu. Yanayosemwa si yangu. Ni maneno ya siasa, yatapita."

"Si maneno tu," alisema mtu nyuma ya ukuta wa ua. Alikuwa jirani yetu Meja, mwanajeshi mstaafu. Aliwahi kutumwa nchi ya mbali na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Kwa kawaida Meja ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo aliingia kwetu hana hata tabasamu.

"Nimeyaona haya kwingine," alisema. "Kwanza watu waliitwa wadudu. Kisha waliambiwa wahame. Kisha waliuawa. Sisi tulifika tumechelewa. Tulikuta vyungu bado viko jikoni, wenyewe hawapo." Akajifuta uso kwa kiganja.

Bi Harusi akamuuliza, "Sasa atatulinda nani, baba? Nasikia polisi walikuwepo uwanjani, wamekunja mikono."

"Wa kwanza ni serikali, mwanangu. Ni wajibu wake kumlinda kila mtu aliye ndani ya nchi, awe mwenyeji au mgeni. Nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikubaliana hivyo. Watu walindwe wasiangamizwe kwa sababu ya kabila au dini yao, wasifukuzwe makwao, wasitendewe ukatili wa kivita, wala ukatili mwingine mkubwa unaolenga raia."

Mimi mdomo hautulii. "Na serikali ikikaa kimya? Nchi ni yake, wengine wataingiliaje?"

"Kuwa na nchi si ruhusa ya kuua watu wako. Nchi nyingine nazo zina wajibu. Kwanza zinasaidia na kuonya. Zinatuma wajumbe, wanazungumza, wanaibana serikali hiyo. Serikali ikishindwa kabisa, nchi hizo zinaweza kuchukua hatua kali pamoja, kupitia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Jeshi ni la mwisho kabisa, na si nchi moja kujiamulia tu kuvamia nyingine. Lakini wajumbe hawaoti ndoto. Lazima wapate habari mapema."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Sisi wakodisha viti tufanye nini?"

"Rudisha spika zako. Halafu twende kwenye tume ya haki za binadamu, tuseme tulichosikia."

Asubuhi mume wangu alimfuata Msemaji akamwambia, "Sikukodishii tena." Alitishiwa vibaya. Lakini alirudi spika amezibeba. Tukaenda kwenye tume, na Bi Harusi mwenyewe akaeleza yote. Tume ikaipelekea habari serikali na ofisi ya Umoja wa Mataifa.

Tuliporudi, tukakuta mtaa wa watu wa bondeni ni mtupu. Kwa hofu ya vitisho vile walikuwa wamekimbilia machimboni, mama yake Bi Harusi akiwemo. Simu yake haikupatikana. Bi Harusi hakuweza kula. Nami nilijifanya jasiri, kumbe moyo umenitoka.

Baadaye redio ikatangaza kwamba wajumbe wa Umoja wa Mataifa na wa nchi jirani wamekutana na serikali. Haukupita muda, Msemaji akakamatwa. Polisi wapya wakaletwa kuulinda mtaa ule, na wajumbe wakaja kuangalia kwa macho yao. Hakuna nyumba iliyochomwa. Nilikaa chini pale pale nikalia kwa furaha.

Lakini watu hawakutoka machimboni. Ofisa wa tume akaomba spika zetu, tukazifunga ukingoni mwa shimo. Akatangaza kwamba hali ni salama, warudi nyumbani. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Wewe ungetoka?" Meja alimuuliza. "Spika hizi hizi ndizo zilizowaita kunguni."

Mume wangu akaiomba maiki. Maneno hayakuja. Akafanya anachokijua.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Tukasubiri. Kisha kutoka kule chini kwenye mawe ikaja sauti iliyokauka kwa kiu.

"Tatu!"

Bi Harusi alishuka mbio, kandambili zikabaki pale juu. Watu wakaanza kutokea mmoja mmoja, na magodoro yao na watoto wao.

Siku hizi mtu akija kukodi spika, mume wangu humuuliza kwanza atasema nini. Asiporidhika, hatoi. Akiridhika, anazifunga na kuzijaribu, na mama yule akiwepo anaitikia. Sasa wala hatucheki. Tunaitikia naye, mtaa mzima.