Makabati ya Aikaeli

Nilitoka kununua tina ya kulainishia rangi tu. Rangi ilikuwa imeanza kushikana kwenye kopo, mlango mmoja wa kabati ulikuwa haujapakwa, na jua lilikuwa linazama upande wa Kisongo. Duka la vifaa vya ujenzi liko barabarani kwetu hapa Sombetini, si mbali. Nikafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni, nikaondoka na rangi mikononi hadi kwenye viwiko.

Mlango niliufunga. Naomba hilo mlikumbuke.

Mtauliza kwa nini mke wa mtu anapaka makabati mwenyewe wakati mafundi wamejaa mtaani. Ni wivu. Sioni haya kulisema. Wenzangu wanawaonea wivu wadada wa ofisini na wa saluni. Mimi nilimwonea wivu marehemu.

Mume wangu Abdiel ni Mchaga wa Machame, ana duka la vipuri vya magari mjini. Alipokuja kunichumbia kwetu Ngaramtoni alisema amefiwa na mkewe, anaitwa Aikaeli, na hakumwachia mtoto. Baba yangu akampa pole, kisha akampa mke. Nikaingia kwenye nyumba iliyokwisha kupangwa na mwanamke mwingine. Mapazia niliyashusha wiki ileile. Masufuria niligawa. Picha zake nilimwambia Abdiel azirudishe kwao kabla sijaziona, maana sikutaka kujua kama alikuwa mzuri kunishinda.

Makabati ya jikoni ndiyo yaliyonishinda. Yalikuwa ya mninga, yamepigiliwa ukutani, yana vanishi nzito ya kahawia, na juu ya jiko yameganda mafuta na masizi ya mapishi yake. Kwenye kila mlango vanishi ilikuwa imelika mahali alipozoea kushika. Kila nikifungua, vidole vyangu vilikuwa vinaangukia palepale.

Halafu Abdiel sasa. Akiwa sebuleni, akausikia mlango wa kabati la kona ukilia, ngwiiii, alikuwa anaita, "Aikaeli!" Sebuleni mimi ni Nosim. Chumbani ni Nosim. Nikiingia jikoni tu, nageuka Aikaeli. Kisha anaomba radhi, "Ulimi tu huo, mama." Ulimi hauna mfupa, najua, lakini wa kwake ulikuwa umeikariri njia.

Nikamwambia ayang'oe, tuweke mapya. Akasema hela hakuna. Nikamwambia basi nitayapaka. Akachukua redio yake akatoka nje. Jirani yetu Sabina alikuwa amebakiza rangi ya mafuta alipomaliza geti lake, rangi ya maziwa, akanipa bure. Nikanunua msasa na brashi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu hapa duniani: niitwe jina langu ndani ya jiko langu.

Nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka masizi yakatiririka sakafuni. Nikasugua msasa, nikafuta vumbi, nikatia mafuta bawaba zote zilizokuwa zinalia. Fundi angeifungua milango aipake chini. Mimi nilikuwa peke yangu, nikaiacha ikining'inia. Mchana wote nilikuwa naimba, kwa kweli. Kila sehemu ya kahawia iliyozama chini ya rangi ilinipa raha ambayo kanisani siwezi kuielezea.

Nilipochomoa rafu ya kabati la kona ili nipige msasa, ndipo nikaliona.

Jani.

Refu, kavu, limefungwa fundo moja katikati, limepigiliwa kwa msumari mdogo ubaoni nyuma ya rafu. Mahali ambapo mtu hawezi kuliona asipobomoa.

Limbwata! Nikasema kwa sauti. Kumbe ndivyo alivyomfunga! Mwanamke kafa, kazikwa, na bado kamshika mume wangu kwa fundo nyuma ya sahani. Nikaling'oa na msumari wake, nikalitupa kwenye jiko la mkaa, chini ya chungu cha maharage. Nilitegemea linuke vibaya. Halikunuka. Lilitoa harufu ya shamba baada ya mvua, likaisha. Nikacheka, nikaendelea kupaka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimeshiba ushindi, wakati narudi na chupa yangu ya tina. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kutoka Meru na baridi imekaa kwenye mifupa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatoa ufunguo, nikautia kwenye kitasa.

Kabla sijauzungusha nikasikia harufu.

Haikuwa rangi, wala maharage. Ilikuwa ndizi... ndizi zinazochemka na magadi, zile wanazopika kwao Machame. Mimi ndizi za hivyo sipiki. Sijui kuzipika, na nilishaapa sitajifunza.

"Karibu," mtu akasema.

Kutoka ndani.

Nimekaribishwa jikoni mwangu! Hofu ingetakiwa ije kwanza, lakini mimi najijua, hasira ndiyo iliyotangulia. Nikausukuma mlango. Haukuwa umefungwa.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya kabati la kona, amenipa mgongo, amejitanda kitenge kichwani kwa ajili ya baridi. Gizani niliona umbo tu. Nikadhani ni mmoja wa kina mama wa jumuiya, hawa wanaoingia nyumba za watu kama zao.

"Dada, umeingiaje humu?"

"Nilikuwa humu."

Sauti ndogo, ya kunong'ona. Ya mtu aliyeugua muda mrefu.

"Umeipaka vizuri," akasema. "Umeosha mafuta kwanza. Wengi hawaoshi." Akapitisha kiganja chake juu ya mlango mbichi, taratibu, kutoka juu hadi chini. Nikataka kumpigia kelele kwamba anaharibu rangi.

Akafungua kabati. Mlango ukalia.

Ngwiiii...

Nilikuwa nimeutia mafuta mchana.

Akaingiza mkono ndani, akapapasa nyuma ya rafu. Akapapasa tena. Nilisikia kucha zikikwaruza ubao.

"Mdogo wangu," akasema. "Jani langu liko wapi?"

Hapo hasira yote ilinitoka.

"Nimelichoma."

Chungu cha maharage kilikuwa kinatokota, nikakisikia kila kipovu.

"Ulilichoma wewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, na sikusikia chuki ndani yake, ila uchovu. "Basi hatujasameheana."

Umeme ukarudi. Taa ikaniumiza macho. Jikoni nilikuwa peke yangu, mlango wa kabati uko wazi, na rangi juu yake haikuwa na alama hata ya kidole. Kwenye chungu kulikuwa na maharage yangu. Harufu ya ndizi ilibaki kidogo, kisha nayo ikaondoka.

Abdiel alinikuta nimekaa sakafuni na chupa ya tina mapajani. Akaniuliza nina nini. Alipogeuka kuweka koti lake kwenye kiti, nikaona mgongoni mwa shati, begani, alama ya kiganja. Vidole vyote vimejipanga. Rangi ya maziwa, mbichi.

Mnajua nilichowaza kwanza? Sikuwaza mzimu. Niliwaza, mwanamke gani huyu amemshika mume wangu bega!

"Nani amekushika?"

"Nani anishike? Nimetoka dukani, nikapanda bodaboda, nimeshuka getini."

"Na koti ulikuwa umelivaa?"

"Njia nzima. Kuna baridi hivi nisivae koti?"

Tukaliangalia koti. Lilikuwa safi, nje na ndani.

Nikamweleza yote, tangu msumari mpaka lile neno la mwisho. Nilipotaja jani, Abdiel alikaa. Nilipotaja jiko la mkaa, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nosim. Lile lilikuwa isale."

Isale bichi nalifahamu. Liko kwenye mipaka ya mashamba ya Wachaga na Wameru kote, la kijani, limesimama kama mlinzi. Likikauka likawa kahawia na kujikunja, mimi Mwarusha ningelijulia wapi? Kwetu mtu akikosa huja na nyasi mbichi mkononi. Hatupigilii msamaha kwa msumari.

"Kwetu ukimkosea mtu," Abdiel akasema, "unamwendea na isale umelifunga fundo. Akilipokea yamekwisha. Hawezi kulirudia lile kosa, hata kama moyo unamuuma vipi. Hata akifa."

"Nani alimkosea nani?"

Akalivuta koti lake, akalikunja.

"Abdiel. Nani alimkosea nani?"

"Mimi. Nilimkosea yeye. Kwa ajili yako."

"Mimi nimeingiaje? Ulikuja kwetu umefiwa!"

"Alikuwa hospitali. Walikuwa wameshasema haponi. Mimi... nikatangulia kidogo."

Nikatangulia kidogo. Hivyo ndivyo alivyosema, kama mtu anayeeleza foleni ya benki. Baba yangu alimpa pole ya msiba mtu ambaye mkewe alikuwa bado anapumua.

"Akasikia," Abdiel akaendelea kwa sauti ya chini. "Mtu alimwambia. Nikampelekea isale kitandani. Alilishika tangu asubuhi, hasemi kitu, halitupi. Jioni akasema amelipokea. Akaniambia nikalipigilie jikoni, nyuma ya rafu, huyo anayekuja asiguswe na kitu."

Nilimtukana Abdiel usiku ule kwa Kimaasai, Kiswahili na maneno ambayo hayana lugha. Lakini nilipochoka kutukana, lililobaki kifuani lilikuwa jingine. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba hii nikimchukia, nikigawa masufuria yake, na muda wote yeye alikuwa ameniwekea ulinzi nyuma ya sahani. Nikauchoma kupikia maharage.

Asubuhi Abdiel akampigia simu Agnela, dada wa Aikaeli, anayekaa Moshi. Nilikuwa naomba iwe ni yeye aliyekuja, ametuchezea kwa uchungu wa ndugu yake. Agnela alikuwa kwake Moshi, tena mgonjwa, hajatoka nje tangu Jumapili. Sabina wa jirani hakuona mtu akiingia wala kutoka. Ufunguo wa jikoni uko mmoja.

Abdiel akaenda Machame, akakata isale bichi, akalifunga fundo, akaliweka juu ya kaburi la Aikaeli kule kihambani, kwenye shamba la ukoo. Nilimwuliza kabla hajaondoka, "Utampa nani? Isale hupokelewa kwa mkono." Akaondoka. Jioni shemeji yake akapiga simu. Jani wamelikuta chini kwenye majani ya mgomba, limenyooka, fundo limefunguliwa. Abdiel akasema labda ni kuku.

Kuku hawafungui fundo.

Tangu hapo makabati yangu ni meupe mazuri, kila mtu anayasifia. Tatizo ni kwamba hayajakauka. Sabina anasema ni baridi ya Julai, rangi ya mafuta haipendi ukungu. Kweli haipendi. Lakini Julai imekwisha, Agosti nayo imekwisha, na nikigusa mlango wa kona bado rangi inanata kwenye vidole, na chini yake mahali palepale pa kushika panaanza kuonekana kahawia. Nimepaka tena. Kahawia inarudi.

Jambo moja limebadilika. Abdiel ameogopa mpaka ulimi wake umenyooka. Jina la Aikaeli halitamki, wala kwa bahati mbaya. Nikakaa nikisubiri nimsikie akiniita nikiwa jikoni, nione kama angalau hilo nimelipata.

Jana jioni nilikuwa chumbani nakunja nguo. Taa zinawaka, nje watoto wa Sabina bado wanacheza. Abdiel alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Kutoka jikoni mlango wa kabati ukalia, ngwiiii, na Abdiel akaita palepale, kwa sauti yake ya kawaida, bila kukosea hata herufi:

"Nosim!"

Kwa mara ya kwanza. Jina langu, jikoni mwangu. Nilishika shuka kifuani. Nikafungua mdomo niitikie.

"Abee," mtu akaitikia kutoka jikoni.

"Niletee maji ya kunywa, mama."

"Nakuja."

Nikasikia kabati likifungwa. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, na miguu mitupu ikipita koridoni taratibu kuelekea sebuleni. Nikataka kupiga kelele, nimwambie Abdiel mimi niko huku, Nosim yuko huku chumbani. Sauti haikutoka.

"Asante, Nosim," mume wangu akasema.