Vikombe Sita vya Wageni

Kikombe kiligonga kisahani.

Kidogo tu, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Lakini Sindano alishaamka. Mkono wake ulikuwa chini ya mto, juu ya bastola aina ya Glock. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri.

Kikombe cha pili. Cha tatu.

Alihesabu mpaka sita, akaiachia bastola.

Ni Mama mwenye nyumba, anawatengea wageni wake vikombe, kama kila alfajiri. Siku ya kumi na tisa sasa tangu Sindano akodi chumba hapa, akijiita muuza vitambaa. Hakuna mgeni hata mmoja aliyetokea.

Kwenye majalada ya uhamiaji walikuwepo. Watalii sita. Mtalii akitaka kuongezewa siku za viza, lazima alete barua ya mwenyeji inayosema analala wapi. Barua zote sita zilitaja nyumba hii ya vyumba vitatu. Zote zilikuwa na sahihi ya Mama. Na karani wa dirisha la tatu, mwenye muhuri wa kuongeza siku, alikuwa mwanawe wa pekee.

Watalii hao hawakuja kupiga picha. Waliingiza bunduki, vipande vipande, kwenye masanduku ya nguo.

Kikosi cha polisi kilichomtuma Sindano kilijua hilo. Hakikujua wanalala wapi.

Simu ndogo ya Nokia ilitetemeka.

"Sindano." Sauti ya bosi wake, waliyemwita Mkubwa. "Viza zao zinaisha leo. Pasi zao zinapelekwa dirishani saa nne. Zikigongwa muhuri, wanahama na mzigo leo leo. Nataka anwani."

"Sina."

"Mama anayo?"

Sindano alitazama mlango. Mwanga wa jikoni ulipenya chini yake.

"Nitamuuliza."

Aliwasha kipaza sauti kilichofichwa ndani ya kifungo cha blauzi yake, kinachorusha sauti kwa Mkubwa, akachomeka kidude cha kusikilizia sikioni. Akatoka.

"Umelalaje, mwanangu?"

"Vizuri, mama."

"Mwongo. Kitanda kimelia usiku kucha kama kinafunga safari."

Mama alimmiminia chai yeye kwanza, katika kile pekee kati ya vikombe sita kisicho na ufa. Pembeni ilinguruma friji mpya ya Samsung, zawadi ya watalii kwa karani.

"Hawa wageni wako, mama. Mbona unawahangaikia na hawaji?"

"Mwanangu aliniomba niandike kwamba wanakaa kwangu. Anasema ni watu wa likizo, wamepapenda hapa, wanataka siku zaidi. Nikaandika. Sasa niandike wanakaa kwangu, halafu sina hata kikombe chao? Si nitakuwa nimedanganya?"

Sindano aliweka kikombe chini.

Angeweza kunyamaza hapo. Hakunyamaza.

"Hujawahi kumwona hata mmoja?"

"Mmoja, yule wa kofia pana. Alishikwa na homa. Mwanangu akaja kumchukulia vidonge. Nikasema, mgonjwa wa nyumba yangu ameze vidonge na tumbo tupu? Nikabeba supu, nikaongozana naye."

"Mpaka wapi, mama?"

"Nyuma ya kile kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Geti la kijani. Masanduku mpaka darini, na kiti hawakunipa. Kuna kitu kirefu walikifunika shuka, nikadhani cherehani." Akacheka. "Supu lakini waliinywa yote."

Kidude cha sikioni kikakoroma. "Tumesikia. Kazi safi."

Kazi safi.

Mama alikuwa anamkorogea sukari. Vijiko viwili. Hakuuliza, alikwisha kuona anavyopenda.

Saa tatu na nusu Sindano alikuwa nyuma ya kiwanda, mgongo ukutani.

"Na karani?" alinong'ona.

"Anakamatwa akishagonga," alijibu Mkubwa.

"Alidhani ni watu wa likizo."

"Na friji alidhani imejileta?"



"Basi mtoeni kwa mlango wa nyuma. Bila pingu mbele ya foleni. Watu wa foleni wanamjua mama yake."

"Unazeeka, Sindano."

"Mlango wa nyuma, Mkubwa."



"Sawa."

Saa nne na dakika tatu. "Amegonga. Zote sita. Ingia."

Sindano aliruka ukuta. Vijana wa kikosi walivunja geti la kijani. Watano waliinua mikono kabla hata ya kuambiwa. Wa sita, mwenye kofia pana, alikimbilia mlango wa uani, mkono ndani ya mkoba wa kamera.

Haikuwa kamera.

Sindano alimpiga kwenye kiwiko. Bastola ikadondoka. Mtu naye akafuata.

"Mimi mtalii," alisema, uso sakafuni. "Nimeongezewa siku."

"Nyingi sana," alisema Sindano, akamfunga pingu.

Chini ya shuka palikuwa na bunduki ya rashasha. Juu yake, bakuli la supu la Mama, halijaoshwa.

Sindano aliliosha bombani, akalibeba.

Saa kumi jioni alirudi kuchukua sanduku lake. Mama alikuwa amekaa jikoni. Friji ilikuwa imechomolewa. Vikombe sita vilikuwa mezani bado.

Sindano aliweka bakuli mezani. Alishajiandalia uongo mzuri.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Najua. Polisi walipokuja kupekua walikwenda moja kwa moja chumbani kwa mwanangu. Hawakuuliza njia." Mama aligeuza bakuli mkononi. "Nami ndimi niliyewatajia geti."

"Hukujua."

"Nilikuwa nakupigia hadithi, mwanangu."

Sindano alitaka kuomba radhi. Maneno yalikuwa madogo mno. Aliinua sanduku, akavaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, akatembea mpaka mlangoni kama mtu aliyemaliza kazi.

"Ngoja."

Alisimama.

"Wanasema mimi siruhusiwi kumwona mpaka wiki ijayo. Wewe unaruhusiwa?"

"Ndiyo."

"Basi mtazame. Akiudhika huwa hali." Mama alianza kukusanya vikombe. Aliondoa vitano. Kimoja, kisicho na ufa, alikiacha mezani. "Halafu uje uniambie kama anakula. Usinipigie simu. Uje."